Vioo Kumi na Viwili Nilivyoviosha

Mke mwenzangu Skolastika,

Marahaba. Naitikia kabla hujaniamkia, maana tangu nilipoisikia shikamoo yako mara ya mwisho tumeshavuna mpunga mara mbili, na huu wa tatu umesimama majini. Nimechoka kungoja. Nimejiitikia mwenyewe.

Naandika kwa mkono wangu, kwa penseli, kwenye daftari uliloliacha. Unajua mimi nimesoma ngumbaru tu, tena niliacha walipofika kwenye kugawanya. Kwa hiyo mistari ikipanda mlima usicheke. Na barua hii siifungi. Mama Jema, jirani yetu, atazipiga picha hizi kurasa kwa simu yake na kuzirusha kwenye makundi yote aliyomo, la jumuiya, la wakulima, na lile la watu wa Michenga waliotawanyika. Anayejua uliko akufikishie. Asiyekujua asome naye, kwa sababu nilichokufanyia nilikufanyia mbele za watu, na siwezi kukiondoa kwa kunong'ona.

Jambo lenyewe nalitaja sasa hivi, nisije nikazunguka mpaka penseli ikaisha. Vile vioo vyako havikuharibika kwa kosa lako. Niliviosha mimi.

Keti kwanza. Nitakueleza.

Unakikumbuka kidimbwi cha nyuma ya jiko? Bado kipo. Maji ya masika hayataki kuondoka pale, ni mahali pa tambarare na udongo ni mfinyanzi. Kila Jumamosi kazi yetu sisi wawili ilikuwa kukitilia mafuta ya taa, ili viluwiluwi vya mbu vife kabla havijaota mbawa. Ulikuwa na miaka sita au saba. Wewe ulishika kopo, mimi nilishika mkono wako, kwa sababu ulikuwa na mkono mzito na mafuta yakishamwagika hayaokotwi.

"Tone moja, Skola. Moja nimesema!"

Tone likidondoka halikukaa mahali pake hata kidogo. Lilikimbia. Linafika ukingoni kabla hujafumba jicho, na maji yote yanageuka rangi, zambarau na kijani na manjano, kama shingo ya njiwa. Ukachuchumaa mpaka pua ikakaribia kugusa maji.

"Bibi, tone limekwenda wapi?"

"Limetanda."

"Sasa lina unene gani?"

"Mafuta hayana unene. Lete kopo."

"Lakini si yapo?"

"Yapo."

"Basi kama yapo, yana unene."

Nikakupiga kikofi cha mgongo kwa ubishi. Babu yako alikuwa kivulini anasuka mgono wake wa kuvulia samaki, akacheka mpaka akakohoa. "Mwache mke wangu mdogo," akasema. "Wewe mke mkubwa umeshindwa kujibu, unapiga mtu." Tangu siku hiyo ndipo nami nikaanza kukuita mke mwenzangu, na nikikuita hivyo ulikuwa unabinua mdomo kama mwanamke aliyeolewa kweli.

Mdogo wako Veneranda alikuwa akitutazama kutoka kwenye mkeka. Vene hakuwa mtoto wa kuchuchumaa kando ya maji. Mama yenu alipoolewa tena huko Sanje akaniachia ninyi wawili, wewe unatembea, yeye ana miezi minane, na viganja vyake vimevimba kama andazi. Nikasema ni mbu. Alipokua akawa analia miguu. "Bibi, miguu." Nikasema anadeka. Nilimkanda kwa mafuta ya nyonyo, na siku nyingine sikumkanda, nilimwambia ainuke afagie kama wenzake. Ninaliandika hilo pia. Kwa kuwa nimeanza kusema, niseme yote.

Walipotuambia hospitali ni sikoseli, ugonjwa wa damu ambao mtoto anazaliwa nao kwa kurithi huku kwa baba na huku kwa mama, Vene alikuwa na miaka saba na macho ya njano. Nane hakufikisha. Tulimzika maji ya mto yakiwa yamepanda, watu wamekuja na magunia vichwani kujikinga mvua. Wewe hukulia. Ulinishika upindo wa kanga, ukauliza kwa sauti, padri akiwa bado anaomba, "Kwa nini hawakujua siku aliyozaliwa?"

Mimi nadhani hapo ndipo ulipoondoka nyumbani kwangu, ingawa uliendelea kulala humu miaka mingine mingi.

Haya. Ukasoma. Nilijigamba, sikatai. Kila aliyepita njia alijua mjukuu wangu yuko chuo kikuu, anafanya kazi ya vinasaba, na akiniuliza vinasaba ni nini nilimwambia akasome na yeye. Sikujua. Mpaka Ijumaa ile uliposhuka kwenye bodaboda na begi mgongoni, na mkononi umeshika kiboksi cha plastiki kama mtu aliyeshika mayai.

"Bibi, hiki kina vioo, usikifungue. Nakiweka hapa kwenye kona ya mtungi, ndipo penye ubaridi. Jumatatu nakipeleka maabara mjini kukijaribu na damu."

"Kwani nina njaa ya vioo?" nikakujibu.

Ukacheka. Jumamosi asubuhi ukaenda Ifakara kuonana na hao watu wa maabara, nikabaki peke yangu na ufagio.

Sitasema kilianguka. Sitasema sisimizi walikiingia. Nilikifungua kwa sababu kilikuwa ndani ya nyumba yangu, na hakuna kitu ndani ya nyumba yangu ambacho sikijui. Nikakuta vioo kumi na viwili vimesimama wima kama sahani kichanjani, virefu kama kidole, na kwenye ncha ya kila kimoja kuna vistari vyembamba vya dhahabu. Nikatoa kimoja, nikakielekeza mlangoni penye mwanga. Kilikuwa na ukungu. Ukungu wenyewe ulikuwa na rangi, ukikigeuza huku zambarau, ukikigeuza huku kijani. Nikasema, Mungu wangu, mtoto huyu amesoma mpaka amesahau kuosha. Jumatatu atasimama mbele ya wakubwa, mbele ya madaktari waliovaa makoti meupe, na vioo vichafu, nao watauliza huyu amelelewa na nani.

Unanijua. Kwangu hata kata ya maji haitoki ikiwa na doa. Nikachukua beseni, sabuni ya kipande, majivu kidogo, na kile kipande cha chandarua chakavu ninachosugulia masufuria. Nikavisugua kimoja kimoja, pande zote mbili. Nikavisuuza kwa maji ya kisima mara tatu. Nikavikausha kwa kanga mpya ambayo sijaivaa. Nikavirudisha kwa mpangilio uleule, cha kwanza cha kwanza, cha mwisho cha mwisho. Vilimetameta, Skola. Nilikaa nikaviangalia na moyo wangu ukafurahi. Nilikuwa nakungoja uvione unishukuru.

Jumamosi hiyo hukukifungua. Jumapili tukaenda misa, tukarudi, nikapika uji. Uji ukapoa ukafanya ngozi juu. Ukaingiza kijiko ubavuni, ukaiinua ile ngozi nzima bila kuichana, ukanionyesha.

"Bibi, unauona huu utando? Kazi yangu ndiyo hii."

"Kula uji, acha mchezo."

"Sichezi. Umenifundisha wewe. Njoo."

Ukanivuta mpaka kidimbwini. Msichana mzima wa chuo kikuu, unachuchumaa na gauni la kanisani. Ukadondosha mafuta ya taa, tone moja, ukaniambia kule chuoni mnafanya hivyohivyo, mnadondosha dawa juu ya maji safi kwenye sinia, inatanda mpaka unene wake unabaki wa molekuli moja tu. Nikasema molekuli ndiyo nini. Ukasema ni punje ya kitu, ndogo, haionwi na jicho lolote. Kisha mnazisukuma hizo punje kwa ubao taratibu, mpaka zinasimama zimebanana bila nafasi, "kama unavyoukusanya mpunga uani, Bibi, ukishakauka." Hapo nikaelewa, maana mpunga naujua. Ukaokota kipande cha dirisha lililovunjika, ukakizamisha wima kwenye maji, ukaanza kukitoa. Polepole! Nilidhani umelala. Ukasema kule mashine inakitoa polepole zaidi, mtu anaweza kumaliza rozari nzima, tena mara nyingi, utando juu ya utando mpaka rangi ionekane. Kikatoka, na utando umekipanda, zambarau na kijani.

"Halafu juu ya utando napanda uzi," ukasema. "Uzi wa DNA, upande mmoja tu. Ni kama ukili wa mkeka unaongoja ukili mwenzake. Tone la damu ya mtoto likija, kama lina uzi wa ugonjwa, unashonana na huu wangu, basi umeme kwenye kile kistari cha dhahabu unabadilika, kimashine kinasema. Siku hiyohiyo, Bibi. Mtoto akiwa bado hajapewa jina. Hakuna kupeleka damu mbali, hakuna kungoja." Ukakigeuza kile kipande juani. "Vene angejulikana siku ya kwanza."

Kisha ukasema hili, na ndilo linalonitoa usingizini mpaka leo: "Lakini ni utando mwembamba sana. Ukiugusa kwa kidole tu, umekwisha. Vile vioo kumi na viwili vimenichukua mwaka mzima, na vifaa vya kutengeneza vingine hakuna."

Nilikuwa nimeshika kopo la mafuta. Nikasema, "Twende ndani, jua kali."

Ndiyo hivyo. Nilikuwa na Jumapili yote hiyo. Nilikuwa na chakula cha jioni. Nilikuwa na asubuhi ya Jumatatu ulipokuwa unasuka nywele upya ili uonekane nadhifu. Mdomo huu ambao haujawahi kushindwa na mtu kijiji kizima ulishindwa kusema maneno mawili, nimeviosha mimi. Niliogopa nini? Kucheka kwako siogopi, kulia kwako siogopi. Niliogopa kuonekana mjinga. Basi. Hakuna kingine. Mwanamke mzima mwenye mvi aliogopa kuonekana mjinga mbele ya mtoto aliyemtawaza kwa mikono yake.

Tena nikajidanganya. Nikasema labda utando huo ni mgumu kuliko anavyosema. Labda majivu hayaingii huko. Nikakupakia kwenye bodaboda, kiboksi mapajani, nikamfokea dereva aende taratibu.

Uliporudi Jumanne ulikaa kizingitini bila kuvua viatu.

"Vyote vimenyamaza, Bibi. Damu ya mgonjwa na damu ya mzima, vimejibu sawasawa. Hakuna kitu juu ya kioo. Ni kama sikuwahi kuweka kitu." Ukaitazama mikono yako, ukaigeuza huku na huku. "Sijui nilikosea wapi. Labda haukushika tangu mwanzo. Labda mwaka mzima nilikuwa nachovya kioo kwenye maji matupu."

Na mimi nikasema nini? Nikasema, "Utakula ugali au wali?"

Jumatano tukaenda wote mashineni kukoboa. Foleni ndefu, wanawake wamekalia magunia. Mmoja wao, sitamtaja, anajijua, akaanza: "Mtaalamu wetu, vile vipimo vimetoka? Tuje kupima wajukuu?"

Ukafungua mdomo kujibu. Nikakuwahi. Najua kwa nini nilikuwahi, nilitaka maneno yaende mbali na mimi. Nikasema kwa sauti ile yangu inayoshinda mashine, "Muulizeni miaka yote ya shule imekwenda wapi! Kioo tu kimemshinda. Kioo!"

Wakacheka. Nawe ukacheka, eti. Ukajitwika pumba zetu ukatangulia nyumbani. Nilikuona kwa mgongo, shingo imenyooka chini ya gunia. Nilikuwa na njia nzima ya kukufikia na kukuambia. Nilitembea polepole makusudi.

Alhamisi hukuwepo. Kiboksi nilikikuta kwenye shimo la taka.

Mwalimu wako wa chuo alipiga simu mara moja akikutafuta, akasema umeandika barua ya kuacha, nafasi yako amepewa mwingine. Kisha ukanitumia ujumbe ule, Mama Jema akanisomea: umepata kazi ya duka huko Tunduma, nisikutafute, utanitafuta. Baada ya hapo namba haipatikani. Nimeipiga mpaka yule mwanamke wa kwenye simu namjua kwa sauti.

Nikuambie la juzi, kisha nimalize. Mke wa mjomba wako Fabiani, wa Idete, amejifungua mtoto wa kike baada ya kungoja miaka. Nimekwenda kumwona akiwa na miezi saba. Wamefurahi, wamempaka mafuta anang'aa, wakaniwekea mapajani. Nikamshika mkono. Skola, viganja vimevimba kama andazi. Fabiani anasema ni mbu. Kunyamaza nimeshakujua kunakopeleka watu. Nikawaambia leo hii hii twende. Tumekwenda, wamemchoma kidole, damu imepelekwa mbali, tunangoja majibu. Nesi anasema akijulikana mapema zipo dawa, atafuatiliwa, si kama zamani. Mama yake amemshika mkono nesi anauliza majibu lini, nesi anasema yatakuja. Wiki ya tatu hii. Yatakuja.

Mimi siyahitaji hayo majibu. Nimeshayaona kwenye mkono. Kila asubuhi Fabiani ananiambia kwa simu mtoto analia miguu ikikunjwa, nami nakumbuka, kulikuwa na kioo ambacho kingesema siku ya kwanza, kilikuwa ndani ya nyumba yangu, pembeni ya mtungi wangu, nami nikakisugua kwa majivu.

Labda kisingesema. Huenda hata bila mimi vingenyamaza, huijui kazi mpaka uijaribu. Lakini wewe hukupewa nafasi ya kujua, na mimi ndiye niliyekunyima. Kwa hiyo sikia, na wote mliocheka pale mashineni sikieni: mikono ya Skolastika haikukosea. Mikono iliyokosea ndiyo hii inayoandika. Kwetu mkubwa haombi radhi kwa mdogo, lakini mimi nakuomba radhi, hapa, wazi, na atakayenicheka anicheke, nimemtangulia.

Sikuambii urudi. Najua nafasi imekwenda, na vifaa hakuna, na mtu akishajiona ana mikono mibovu hata kikombe anakishika kwa hofu. Sidhani hata kama utaisoma hii. Mama Jema anasema makundi yale watu wanatumiana picha za maua na salamu za asubuhi, barua ndefu hawafungui. Nimeandika tu kwa sababu nikifa kabla ya kusema, utaendelea kuamini uongo wangu.

Kwenye lile shimo la taka niliokota kioo kimoja ambacho hakikuvunjika. Jumamosi iliyopita nilikichukua nikaenda nacho kidimbwini. Nikadondosha mafuta ya taa, tone moja. Likatanda. Nikakizamisha wima, nikaanza kukitoa polepole kama ulivyonionyesha. Magoti yaliniuma, nikasali rozari nzima, na nyingine nusu. Kikatoka na rangi zake zote, zambarau na kijani. Nikakielekeza juani nikakigeuzageuza kama mwehu. Ni mafuta ya taa tu. Najua. Hakuna uzi, hakuna kazi yako, hakuna kitu kinachongoja mwenzake. Vene hayupo pale.

Nimekisimamisha dirishani. Tangu Jumamosi kimeshashika vumbi, na nzi wamekikanyaga.

Sijakiosha.

Kula ushibe huko uliko, na ukilala funga chandarua.

Bibi yako,
mke mkubwa,
Michenga.